Ndugu Jikoni, Mfanyakazi Kiwanjani: Aikande na Mbwa Anayeruka Viunzi

Mapupu ya ng'ombe yanatokota kwenye sufuria kuukuu, nje ya jiko la nyumba moja ya Sekei. Kumepambazuka, ila jua bado. Aikande Nkya anaopoa kipande kwa uma, anakipuliza, anakikatakata vipande vidogo na kuvitia kwenye kikombe cha plastiki. Mbele yake mbwa ameketi, mate yanamdondoka, lakini hainuki. Anajua hapewi kitu kabla ya kazi.

Mbwa huyo anaitwa Nyuki. Ni jike la miaka minne, chotara. Mama yake ni mbwa wa kizungu aliyenunuliwa kwa fedha nzuri. Baba hajulikani, ingawa mtaa mzima unamhisi mmoja wa pale buchani.

Nyuma ya nyumba, kati ya migomba na ukuta uliochomekwa vipande vya chupa, Aikande ana uwanja wake. Tairi limening'inizwa kwenye mparachichi. Pipa la mafuta limetobolewa pande zote mbili. Ubao umelazwa juu ya gogo, mbwa akipita unainuka huku na kushuka kule. Kuna viunzi vya mianzi, na kuna fito zilizosimamishwa kwa mstari ambazo mbwa anatakiwa azipite kwa kujipinda kushoto na kulia bila kuacha hata moja.

Aikande, mwenye umri wa miaka 29, anakaza kanga kiunoni, anaiacha ishuke mpaka kwenye vifundo vya miguu, kisha anatimua mbio. Hapigi mluzi. Hasemi neno. Akipinda kulia, pindo la kanga linapepea kulia na Nyuki anaruka kiunzi cha kulia. Akisimama ghafla, pindo linatulia na mbwa analala chini papo hapo.

Ukimwona mara ya kwanza utadhani ni mazingaombwe. Nilipomuuliza kwa nini hamwiti mbwa kwa sauti kama wafanyavyo watu wote wa mchezo huu, alinijibu kwa kunong'ona, huku akitazama madirisha ya nyumba.

"Saa hii ndiyo yangu peke yake," alisema. "Baadaye kuna chai, kuna nguo, kuna soko. Sasa saa hii wenyewe wamelala. Nikimwita mbwa kwa sauti, dirisha linafunguliwa, naulizwa kama nimerukwa na akili. Ndiyo nikamfundisha kwa kanga. Kule klabu wanasema nimekosea, mbwa anatakiwa afuate mkono na sauti. Ni kweli nimekosea. Lakini ningefanyaje?"

Hiyo ilikuwa Jumatano, siku tatu kabla ya mashindano ya mbwa ya Themi. Nilikuwa nimekwenda kuandika habari nyepesi ya kufurahisha wasomaji mwisho wa wiki. Nilirudi na kitu kingine, na mpaka leo ninapoandika haya hasira haijaniisha.

Aikande alizaliwa Machame. Mwaka 1989 alichukuliwa na Bi Elizabeth, mfanyabiashara wa mjini hapa, ambaye bibi yake na bibi wa Aikande walikuwa watu wa ukoo mmoja. Alikuja kulea mtoto. Mtoto akakua, akapelekwa shule ya bweni, Aikande akabaki. Alipika, alifua, alipiga deki, alikwenda soko. Kisha likaja suala la mbwa.

Wakazi wa Arusha hawahitaji kuelezwa. Tangu milango ya biashara ifunguliwe na fedha kuanza kuonekana mikononi mwa watu, kuta zimepanda, wezi wameongezeka, na kila mwenye geti sasa ana kibao cha mbwa mkali. Makampuni ya ulinzi yamezuka kama uyoga. Bi Elizabeth naye akanunua mbwa, akaagiza afungwe mnyororo mchana kutwa. Mbwa huyo akazaa, na mtoto mmoja tu ndiye aliyepona, Nyuki, naye akafungwa vivyo hivyo.

"Nilimfungua kwa huruma," anasema Aikande. "Nikaona anaruka karai la nguo bila kuligusa. Nikaweka karai juu ya ndoo, akaruka. Nikaweka ufagio juu ya viti viwili, akaruka. Nikasema, kumbe."

Mchezo wenyewe si mgeni sana mjini hapa. Umeletwa na wazungu wa mashamba ya maua na wa miradi, wakaupokea Wahindi na Singasinga wenye kufuga, na sasa matajiri wetu wapya nao wamo. Mbwa anakimbizwa kwenye vikwazo kwa mpangilio maalumu, mtu wake akimwongoza kwa kukimbia naye bila kumgusa. Anayemaliza upesi bila kuangusha kitu ndiye mshindi. Mwamuzi ni Mzee Gurbachan, fundi magari mwenye gereji yake, ambaye alitengeneza viunzi vyote vya klabu kwa mabomba ya eksozi.

Mwaka jana Nyuki alishinda. Gazeti moja, silitaji, lilichapa picha ya Bi Elizabeth akiwa amekumbatia kombe, amejifunga kanga juu ya suruali, na maelezo chini yakamsifu mama huyo kwa kipaji chake na kwa kuenzi vazi la kwetu. Vazi la kwetu! Ile kanga ilikuwa ya Aikande. Alivuliwa asubuhi ya siku hiyo, kwa sababu bila pindo lile mbwa asingekwenda popote. Bi Elizabeth alifanya mazoezi ya wiki mbili tu ya kukimbia nayo.

Na Aikande alikuwa wapi wakati kombe linatolewa? Alikuwa kwenye jiko la klabu, anapasha moto sambusa. Alisikia makofi, akamuuliza mhudumu wa pale ni mbwa gani ameshinda.

Unaweza kusema, basi, mfanyakazi ni mfanyakazi, tajiri ndiye mwenye mali. Ningekubali shingo upande. Kinachonichefua ni kwamba kwa miaka saba Aikande hakuwahi kuitwa mfanyakazi. Aliitwa ndugu. Hakuwa na mshahara, kwa sababu ndugu halipwi, anapewa hela ya sabuni na gauni la Krismasi. Hakuwa na likizo, kwa sababu ndugu haendi likizo kwao mwenyewe. Akiugua, anaambiwa ajikaze kama watu wa nyumbani wanavyojikaza. Wageni wakija, Bi Elizabeth humshika bega na kuwaambia kwamba huyu ni mdogo wake kabisa, hawezi kuishi bila yeye.

Wangapi Arusha hii wanaishi hivyo? Fungua mlango wa jiko lolote kuanzia Themi mpaka Njiro, utamkuta mdogo wa mtu amesimama kwenye karo. Undugu huu una tabia ya ajabu, unafanya kazi jikoni tu. Ukifika mezani haupo.

Mwaka huu mambo yalichacha. Kampuni moja ya ulinzi yenye makao Lemara ilitafuta mtu wa kufunza mbwa wake, na mkuu wa kikosi cha mbwa wa kampuni hiyo, Bwana Loishiye Kivuyo, alikuwa amesikia habari za mwanamke wa Sekei anayeongoza mbwa kwa kanga. Alimfuata sokoni, wakazungumza. Mshahara ungekuwa shilingi elfu thelathini na tano kwa mwezi, na chumba. Aikande aliniambia usiku ule hakulala.

Kilichobaki ni kitu kimoja. Kampuni za ulinzi haziajiri mtu asiye na wa kumsemea, na huyo wa kumsemea lazima awe mwajiri wake wa awali. Bwana Loishiye akapiga simu Sekei.

"Nilimuuliza yule mama, je, Aikande amekufanyia kazi ya mbwa kwa muda gani?" anakumbuka Bwana Loishiye, mtu mrefu asiyependa maneno mengi. "Akaniambia, huyo hajawahi kufanya kazi popote. Ni mdogo wangu, anakaa tu nyumbani, anacheza na mbwa. Mimi kwa utaratibu wetu siwezi kumchukua mtu ambaye hajawahi kufanya kazi popote. Nilimwambia Aikande ukweli. Iliniuma."

Anacheza na mbwa! Soma tena sentensi hiyo taratibu. Miaka saba ya mtu imefutwa kwa simu moja, na mfutaji akarudi kuendelea na chai aliyopikiwa na huyo huyo aliyemfuta. Aikande alimfuata dada yake, kama anavyomwita, akamwomba aseme kweli. Akajibiwa kwamba amekosa shukrani, na kwamba watu wa damu moja hawaandikiani mambo ya ajira.

Hapo ndipo Aikande alipofanya jambo ambalo wengine wanaliita ujeuri. Mimi naliita haki yake.

Klabu ina kanuni kwamba anayemwendesha mbwa kiwanjani lazima awe mwenye mbwa au mtu wa familia yake. Mzee Gurbachan anasema iliwekwa kwa nia njema, kuzuia wenye fedha wasikodi wataalamu kutoka Nairobi. Kanuni ya kuwazuia wenye fedha imekuja kuwazuia wapishi na watunza bustani, ambao ndio wanaowafunza mbwa wa nusu ya wanachama. Wote wanasimama nje ya ua wa michongoma siku ya mashindano, wanachungulia.

Aikande alikwenda gereji kwa Mzee Gurbachan, akamwamkia, akamwambia anataka kumwendesha Nyuki mwenyewe. Mzee akamkumbusha kanuni. Aikande akamjibu kwamba hana shida na kanuni, kwa sababu yeye ni mdogo wake Bi Elizabeth, na mjini hapa hakuna asiyemsikia dada akisema hivyo. Mzee Gurbachan alicheka mpaka akaweka spana chini. Kisha akamwandikisha.

Jumamosi hiyo Themi palifurika. Magari yalipangwa mpaka barabarani, watoto wanakula aiskrimu, mbwa wa kila rangi wanabwekeana. Kampuni ya Bwana Loishiye ilikuwa imealikwa kuonyesha mbwa wake wa ulinzi, kwa hiyo naye alikuwepo, amesimama karibu na kamba ya kiwanja. Zamu ya Nyuki ilipofika, kipaza sauti kikamtaja Aikande Nkya.

Aliingia amejifunga kanga yake, viatu vya raba miguuni, mbwa pembeni. Nje ya ule ua wa michongoma, vichwa vya wapishi vilisogeleana.

Bi Elizabeth alikuwa ametoka kuegesha gari. Alivuka kamba kwa hatua ndefu, akamshika mbwa ukosi, akamuuliza Mzee Gurbachan ni mchezo gani huu. Mbwa ni wake, jina linalotakiwa kusomwa ni lake, na ameshawaalika watu waje wamwone. Mzee Gurbachan hakupandisha sauti.

"Mama, mimi sina ubishi na wewe," alisema. "Kanuni inasema mtu wa familia. Niambie tu mbele ya watu hawa. Huyu ni wa familia yako au siye?"

Ilikuwa rahisi mno. Neno moja tu, lile lile alilolisema sebuleni kwake miaka yote, na Aikande angekimbia. Bi Elizabeth aliwatazama wageni wake, akamtazama Aikande kuanzia raba mpaka kichwani.

"Huyu ni mfanyakazi wangu," alisema. "Miaka saba yuko kazini kwangu. Anamfunza mbwa kwa sababu ndiyo kazi niliyompa. Leo anataka kujifanya mwanafamilia?"

Nimeandika habari za mahakamani, nimeandika za ajali, lakini sijawahi kumwona mtu akipigwa vile bila kuguswa. Baadaye Aikande aliniambia hakuwa na hila yoyote, asije mtu akadhani aliutega mtego. Alitaka kukimbia na Nyuki, basi. Alidhani dada atanuna kidogo, kisha atanyamaza, kwa kuwa watu walikuwa wengi.

Ndipo Bwana Loishiye, kutoka pale kwenye kamba, akazungumza kwa sauti ile ile ya kawaida. "Mama, umesema miaka saba? Na kazi yenyewe ni kumfunza mbwa?"

"Miaka saba," Bi Elizabeth alijibu bila hata kugeuka kumtazama anayeuliza.

"Asante. Nimesikia."

Sidhani kama mama yule alielewa alichokisema. Aikande alielewa. Aliachia kamba ya mbwa, akaanza kutoka kiwanjani. Bi Elizabeth akamwita, akamnyooshea mkono, akataka apewe kanga.

Aikande aligeuka. Hakupiga kelele. "Kanga wanaazimana ndugu, dada," alisema. "Mimi nimeambiwa sasa hivi kwamba si ndugu."

Watu wa nje ya ua walicheka, na baadhi ya wa ndani pia. Bi Elizabeth akaamua kwenda hivyo hivyo, na suruali yake iliyonyooshwa vizuri na huyo aliyemfukuza. Nyuki aliruka kiunzi cha kwanza kwa mazoea. Akapita kwenye tairi. Alipofika kwenye fito, mwenye mbwa akawa anaonyesha kwa kidole na kupaza sauti, mara kulia, mara kushoto. Nyuki alisimama, akaitazama ile suruali, akatazama huku na huku. Kisha akatoka kiwanjani mdogo mdogo, akapita chini ya kamba, akaenda kuketi miguuni pa Aikande.

Aikande akampa mgongo. Alitaka arudi amalize, maana hata baada ya yote yale hakupenda Nyuki ashindwe. Mbwa akazunguka, akaketi tena mbele yake. Aikande akageuka tena. Mbwa akazunguka tena. Hapo mwanamke huyu aliyekuwa hajatoa chozi siku nzima akafunika uso kwa pindo la kanga, akalia.

Mzee Gurbachan alipiga filimbi, akaandika kwamba mbwa ameacha kiwanja. Baadaye alinong'ona kwangu kwamba hajawahi kuandika kitu kwa uchungu hivyo, na kwamba katika kikao kijacho ataomba kanuni ile ifutwe, wapende wasipende. Nilimuuliza kwa nini hakuomba mapema. Akaanza kukusanya karatasi zake, na sikumwacha aende bila kumwambia kwamba alitakiwa awe na jibu.

Nilimtafuta Bi Elizabeth nyumbani kwake nipate upande wake. Hakunikaribisha ndani. "Nyinyi magazeti ya siku hizi mnapenda kuingilia mambo ya familia za watu," alisema, akafunga geti. Ya familia! Nikabaki nimesimama natazamana na kibao cha mbwa mkali.

Leo ni wiki ya nne tangu siku ile. Aikande yuko Lemara, nyuma ya ofisi za kampuni ya ulinzi, kwenye kiwanja cha vumbi chenye viunzi vipya vya mianzi. Amevaa sare ya kaki, na juu ya sare amejifunga kanga. Bwana Loishiye anasema alipanga kumkataza, kisha akaona mbwa wake mkorofi kuliko wote akilala chini bila kuambiwa, akaachana na mawazo hayo. Aikande mwenyewe anajilazimisha sasa kutumia mkono na sauti. Anasema sauti ndiyo inayomsumbua. Kila akitaka kuita, anajikuta anatazama madirisha.

Ana mpango. Anataka mwezi wa kumi na mbili, hapa hapa Lemara, yafanyike mashindano ya wafunzaji wenyewe, wale wa nje ya michongoma. Mpishi aje na mbwa aliyemfunza, mtunza bustani aje na wake, walinzi nao. Mbwa wa mtaani wataruhusiwa. Mzee Gurbachan ameahidi kukopesha viunzi na kuwa mwamuzi, na jina litakalotajwa kwenye kipaza sauti ni la aliyefanya kazi.

Anachokosa ni Nyuki. Hilo halifichi. Mbwa ni mali ya Bi Elizabeth, hakuna ofisi itakayosema vinginevyo, na Aikande anasema akiwa amelala humsikia mbwa yule akikwaruza mlango wa jiko, kisha anakumbuka yuko Lemara.

Tukiwa tunazungumza, Bwana Loishiye anatoka ofisini. Kuna simu imetoka Sekei, anasema. Nyuki anashinda amelala getini, hataki kukimbia na mtu yeyote, na dada mtu anamwomba Aikande apande leo hii akamwangalie, aendelee naye kidogo asubuhi asubuhi, kwani kilichopita kimepita na wao ni ndugu.

Aikande anakung'uta vumbi kwenye kanga.

"Mwambie Jumapili nitakwenda kumwona Nyuki," anasema. "Kumwona tu. Kumfunza ni kazi, na kazi nafanya huku."